Dang'a Kwenye Friza ya Bibi Barafu

Siku mkamwana wake alipomwomba pembe moja ya friza, Bibi Barafu alidhani anataka kuweka samaki. Akamkatalia hapohapo. Samaki hapana, alisema, barafu zitashika harufu, na wateja wake ni watoto wa shule, na mtoto wa shule akionja barafu ya nanasi yenye harufu ya samaki hakwambii wewe, anakwenda kuwaambia wenzake darasa zima. Mkamwana hakubishana. Alisimama mlangoni na tumbo lake la wiki thelathini na saba, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kopo la plastiki ambalo siku zote lilikuwa la vifungo. Alikuwa mshonaji, cherehani yake ilikaa barazani, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Hata mumewe alimwita hivyo.

"Si samaki, Mama," akasema. "Ni maziwa yangu."

Bibi Barafu akatazama kopo, akatazama kifua cha Fundi, akarudi kwenye kopo. "Maziwa yapi, na mtoto bado yumo ndani?"

"Dang'a. Yale ya mwanzo, ya njano. Mkunga kasema nianze kuyakamua sasa, kidogokidogo, niyagandishe, siku ya kujifungua niende nayo hospitali."

"Sisi hayo tulikuwa tunayamwaga. Tuliambiwa machafu."

"Mkunga anasema hakuna kitu kisafi kama hicho. Na huyu wangu atayahitaji kuliko wenzake."

Hilo Bibi Barafu alilijua, ila alikuwa amejitia hamnazo. Fundi alikuwa na sukari, ile inayoingia na mimba na mara nyingi huondoka nayo. Kliniki walimweleza vizuri. Mtoto wa mama mwenye sukari huuzoea utamu tumboni. Akishatoka na kitovu kikikatwa, sukari yake mwenyewe inaweza kushuka ghafla, kwa hiyo inabidi ale mapema na ale mara kwa mara. Akikosa maziwa ya kutosha, au sukari ikigoma kupanda, huchukuliwa kwenda chumba cha watoto wachanga kutundikiwa dripu.

"Kile chumba nimekiona, Mama," Fundi alisema. "Kina kioo. Wenye watoto wanasimama nje na magauni ya hospitali, wanachungulia. Mmoja alikuwa ameweka kiganja kwenye kioo, hajui hata wa kwake ni yupi. Mimi sitaki kusimama nje ya kioo."

Aliyasema hayo bila kulia, na ndiyo maana yalimwingia Bibi Barafu. Akafungua mfuniko wa friza yake, akasogeza mifuko ya barafu kama mtu anayempisha mgeni kwenye benchi.

"Kushoto, chini kabisa," akasema. "Na kopo lifungwe barabara. Sitaki maziwa ya mtu kwenye nanasi."

* * *

Aliyetumwa kununua sirinji ni mume wa Fundi, mtoto wa pekee wa Bibi Barafu, fundi bomba. Huyu ni mtu anayeweza kuingiza mkono kwenye shimo la choo cha jirani hadi begani huku anaongea habari za mpira. Lakini siku hiyo alirudi nyumbani masikio yamemwiva.

"Duka limejaa watu," akasema, akiweka mfuko mezani. "Nikasema, naomba sirinji ndogo kabisa, za mililita moja, thelathini, bila sindano. Yule dada akaniuliza kwa sauti, bila sindano za nini? Nikamwambia za mke wangu. Akauliza, anaumwa nini? Nikasema haumwi, anakamua."

Fundi akaweka mkono mdomoni.

"Mzee mmoja nyuma yangu akaniuliza anatoa lita ngapi kwa siku."

Walicheka mpaka Fundi akaomba wamwonee huruma, kibofu chake hakina nafasi. Bibi Barafu hakucheka sana. Alikuwa amechukua sirinji moja, anaivuta na kuisukuma, anaangalia jinsi ilivyo nyembamba. Hata kalamu ya shule ilikuwa nene kuliko ile. Akajiuliza moyoni huyo mtoto atashiba nini humo.

* * *

Siku ya kwanza Fundi hakuambulia kitu. Alinawa mikono kwa sabuni, akakaa kwenye kigoda chumbani, akaweka taulo la uvuguvugu kifuani kama alivyoelekezwa, akakusanya kidole gumba na vidole viwili nyuma ya chuchu, akasukuma ndani, akabana, akaachia. Dakika tano huku, dakika tano kule. Jasho lilimtoka, maziwa hayakutoka. Siku ya pili vilevile. Bibi Barafu alikuwa upande wa pili wa pazia anakata nanasi, na kila Fundi alipohema kwa nguvu, kisu nacho kilisimama.

Siku ya tatu alisikia akiitwa, polepole kabisa, kama mtu aliyeona ndege dirishani na hataki aruke. "Mama. Njoo."

Alikuta tone moja. Lilikuwa limekaa kwenye ncha ya chuchu, zito, la njano kama kiini cha yai. Fundi alikuwa amelishikilia kwa vidole viwili asithubutu kupumua, na sirinji iko juu ya kitanda, haifikiki. Sasa wewe fikiria hali hiyo. Mama mkwe na kifua cha mkamwana, wote wawili wanaona haya, na tone ndilo hilo linaanza kuteremka. Bibi Barafu alifuta mikono kwenye gauni, akakumbuka kwamba ina nanasi, akakimbilia maji na sabuni, akarudi mbio, akainua sirinji, akaisogeza.

"Vuta taratibu, Mama."

Akavuta. Tone likaingia lote. Miaka ishirini alikuwa akijaza mifuko myembamba ya barafu na kuifunga kwa uzi bila kumwaga, na mkono wake haukutikisika. Walisogeza sirinji dirishani wakaitazama. Lile tone lilikuwa halijafika hata kwenye mstari wa kwanza.

"Ndilo hilo?" Bibi Barafu akauliza.

"Mkunga anasema siku ya kwanza tumbo la mtoto ni dogo kama gololi. Tone ni chakula."

Bibi Barafu akaigeuza sirinji kwenye mwanga. "Ya mume wako niliyakamulia kwenye kikombe cha bati," akasema. "Yalikuwa mengi. Nikatoka nje nikayamwaga kwenye mchanga, nikaambiwa nimefanya vizuri." Akaifunika sirinji kwa kifuniko chake kidogo. "Kesho uniite mapema. Nitaacha kukata nanasi."

Tangu siku hiyo wakawa timu. Asubuhi, mchana na jioni, Fundi anakamua, Bibi Barafu anavuta. Taulo yeye, maji ya moto yeye. Fundi alikata vipande vya ile plasta nyeupe anayotumia kuwekea alama kwenye nguo, akaandika jina lake na tarehe kwa kalamu ya wino, akabandika kila sirinji. Kopo la vifungo likaanza kujaa. Ilipofika Jumatano ya wiki iliyofuata zilikuwemo kumi na tisa, zimelala pamoja ngumu na za njano, na Fundi alikuwa na tabia ya kufungua friza kabla ya kulala ili kuzitazama tu.

* * *

Alhamisi Fundi alitoka saa moja asubuhi kwenda kliniki. Saa tatu umeme ukakatika.

Ukiwa na friza na umeme umekatika, dawa yake inajulikana: usifungue. Ifunge, ifunike na blanketi, baridi itakaa humo hadi kesho yake. Bibi Barafu aliijua dawa hiyo kuliko mtu yeyote mtaani. Lakini siku hiyo jua lilikuwa kali, na saa nne kengele ya mapumziko ikalia shuleni, watoto wakaja kundi zima. Akafungua. Saa sita wakaja tena. Akafungua, akafunga, akafungua. Aliuza barafu hadi zile za mwisho zikawa uji, akawaambia watoto wang'ate kona ya mfuko wanyonye harakaharaka.

Umeme ulirudi saa kumi. Mifuko iliyobaki ilikuwa maji matupu. Bibi Barafu akafanya kile alichokuwa akifanya miaka yote umeme ukimchezea: akaipanga upya iliyolegea, akailaza vizuri ili ikiganda isiwe na shingo iliyopinda, maana barafu iliyoganda mara mbili hujulikana kwa umbo lake, na mtoto mjanja huikataa. Halafu akakumbuka kopo. Akalifungua. Sirinji zote kumi na tisa zilikuwa laini, na alipoinamisha moja, ile njano ikatembea.

Hakushtuka, na ukweli usemwe, hakuwa na nia mbaya. Kwake yeye kitu kikiyeyuka kinagandishwa, ndiyo kazi yake. Akazitoa kwenye kopo, akazibandika moja moja kwenye ukuta wa friza, pale panapokamata haraka. Kitu kidogo hakichelewi kuganda. Saa kumi na mbili, Fundi aliporudi na miguu imemvimba, zilikuwa zimerudi koponi, ngumu kama zilivyokuwa.

"Umeme ulikatika, Mama? Kule njiani naona maduka yanalalamika."

"Kidogo tu," Bibi Barafu akasema.

Wakakaa kula. Mume wa Fundi alichelewa kazini, walikuwa wawili. Fundi alikuwa mchangamfu, sukari yake ilipimwa ikakutwa imetulia. Akasimulia foleni, akasimulia mama mmoja aliyelala kwenye benchi akakoroma hadi jina lake likapita, halafu akasema, "Mkunga leo kaniuliza ninayahifadhi vipi. Kasema kitu kimoja tu nisikosee. Yakishayeyuka yatumike ndani ya siku moja au yamwagwe, basi. Kuyagandisha tena, marufuku kabisa. Tumbo la kichanga halijui kujitetea, vijidudu vichache tu vinamlaza hospitali." Akamega chakula. "Nikamwambia, mkunga wangu, wewe usiwe na shaka. Friza yetu ni ya mfanyabiashara, na ina mlinzi."

Mlinzi mwenyewe alirudisha tonge kwenye sahani.

* * *

Angesema pale pale, yangekuwa yamekwisha. Alijua hivyo. Alifungua mdomo kusema, na Fundi akawa anajipimia tumbo kwa futi yake ya kushonea, anacheka kwamba inakaribia kuisha. Bibi Barafu akafunga mdomo.

Usiku hakulala, na asubuhi akajiambia atasema baada ya kukamua. Baada ya kukamua Fundi akamshika mkono akamwambia, "Mama, vidole vyangu vimepata malengelenge lakini sijali. Nikiwaza zile kumi na tisa, napata usingizi." Akajiambia atamwambia kwanza mwanawe. Mwanawe akamkuta jikoni, akamkumbatia kwa nyuma na mikono yake inayonuka mabomba, akasema Fundi anamsifu kwa watu, anasema bila Mama asingepata hata moja. Mambo mengine mtu hushindwa kuyasema kwa sababu ya kusifiwa. Bibi Barafu alimtoa mikono akamwambia aende akaoge.

Kitu kimoja tu alifanya. Sirinji zilizokamuliwa baada ya Alhamisi hakuzichanganya na zile. Alizifunga pamoja kwa mpira mwekundu, akaziweka kwenye mfuko wake msafi pembeni ya kopo, na Fundi alipouliza, akajibu kopo limejaa. Kwa yale malengelenge Fundi alikuwa akipumzisha vidole, na hadi Jumamosi jioni sirinji zenye mpira mwekundu zilikuwa tatu tu.

Jumapili asubuhi Fundi alikuwa anapinda mkono wa blauzi ya mteja. Cherehani ikanyamaza katikati ya mshono. "Mama," akasema, "nimelowa."

Mumewe alikimbia kutafuta teksi huku kavaa kiatu kimoja. Bibi Barafu alichukua kiboksi chake cha kuuzia barafu kwenye viwanja vya mpira, akakijaza vipande vya barafu, akafungua friza. Mkono ulikwenda kwenye mpira mwekundu. Ukaishia hapo. Kama angeziacha zile kumi na tisa ndani, je, nani angejua? Angesema tu zimesahaulika, haraka za uchungu. Lakini Fundi alikuwa amejivuta hadi mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili, uchungu unampitia, na macho yake yako kwenye kopo.

"Zote zimo, Mama?"

"Zimo," Bibi Barafu akasema, akatia kopo na ule mfuko wa mpira mwekundu ndani ya kiboksi.

* * *

Mtoto alizaliwa saa nane mchana. Msichana. Bibi Barafu alikuwa kwenye benchi la ukumbini na kiboksi mapajani, mwanawe akitembea kutoka ukuta hadi ukuta. Mkunga alitoka, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, akawaambia mama mzima, mtoto mzima, mzito kweli. Kisha akasema, "Tumempima sukari kisiginoni. Iko chini kidogo. Si ya kutisha, lakini haiwezi kuachwa. Amejaribu kunyonya, anasinzia, hana nguvu. Yako wapi yale maziwa?"

Akanyoosha mkono. Mume wa Fundi akamtazama mama yake. Bibi Barafu alikuwa amekumbatia kiboksi na hakitoi.

"Yameharibika," akasema.

"Nini?"

"Yaliyeyuka Alhamisi. Umeme ulikatika kutwa nzima, na mimi nikawa nafungua friza nauza barafu. Halafu nikayagandisha tena. Sikujua. Nilipojua nikanyamaza." Alizungumza haraka, macho sakafuni. "Kopo lote ni bovu. Lakini hizi tatu zenye mpira mwekundu ni za baadaye. Hizi hazijaguswa na kitu, naapa. Hizi mpeni."

Mwanawe alikaa kwenye benchi. Mkunga alivaa miwani yake, akafungua kiboksi, akasoma tarehe kwenye plasta moja baada ya nyingine. Akatoa zile tatu.

"Hizi nyingine nitazimwaga mimi," akasema. "Lakini kumwambia, utamwambia mwenyewe. Nifuate."

Fundi alikuwa ameegemea mto, mtoto amelala juu ya kifua chake wazi, ngozi kwa ngozi, kafunikwa shuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa na mpira wa dripu. Alipomwona Bibi Barafu akatabasamu tabasamu la uchovu, akasema, "Mama, njoo umwone, ana kidevu chako."

Bibi Barafu akasimama mguuni mwa kitanda na akasema yote. Alisema na ile "kidogo tu," akasema na ile "zimo." Hakulia, kwa sababu aliona kulia kungekuwa kumwomba Fundi ambembeleze. Tabasamu la Fundi lilikwenda likiisha taratibu.

"Kumi na tisa," akasema.

"Kumi na tisa."

"Na kila jioni nilikuwa nafungua kuzitazama. Unaniona ninavyozitazama, unanyamaza."

"Nilikuona."

Fundi aligeuza uso ukutani. Machozi yalimshuka yakaingia sikioni na hakuyafuta, mkono mmoja una mtoto na mwingine una dripu. Mkunga hakupoteza muda. Sirinji moja ilikuwa imeshayeyukia kiganjani mwake. Akaingiza ncha yake pembeni mwa mdomo wa mtoto, akasukuma kidogo, akangoja ameze, akasukuma kidogo. Kidevu kile kidogo kilicheza. Ikaisha ya kwanza, ikaisha ya pili, ikaisha ya tatu.

* * *

Walipompima tena, mkunga aliangalia kile kipimo kwa muda.

"Imepanda," akasema. "Bado haijafika ninapotaka. Nikipata nyingine kama zile, sitampeleka popote. Nisipopata, itabidi aende akatundikiwe."

Hakutaja chumba. Fundi akakitaja mwenyewe, kwa macho tu, akiangalia mlango. Akajaribu kukaa. Akakusanya vidole vyake vya kushoto nyuma ya chuchu kama alivyozoea, akasukuma, akabana. Likatoka tone, halafu lingine juu yake, lakini mkono wa kulia wenye dripu haukuweza kukunjika kushika sirinji. Mumewe akasema, nipe mimi. Akaishika kwa vidole vyake vinene vya kukaza mabomba, akasogea amekunja uso, na sirinji ikamponyoka ikaanguka chini ya kitanda. Tone likateremka tumboni kwa Fundi likapotea kwenye shuka. Mkunga alikuwa ameitwa kitanda cha pili.

Bibi Barafu alikuwa bado yuko palepale mguuni mwa kitanda, mikono nyuma. Hakujitolea. Alijua si haki yake.

Fundi alikaa ameinamisha kichwa, anahema. Kisha, bila kumtazama, akasema, "Mama. Nenda kanawe mikono."

Alinawa hadi vifundo vya mikono, kwa sabuni, mara mbili. Akachukua sirinji mpya kwenye trei. Akainama. Fundi alisukuma, akabana, akaachia, na Bibi Barafu akavuta. Nyumbani tone moja lilikuwa likiwachukua dakika nzima, lakini sasa yalikuwa yanakuja moja juu ya jingine, vile vidole vyenye malengelenge vinajua njia. Mstari wa kwanza. Mstari wa pili. Sirinji ikajaa mpaka juu, jambo ambalo hawakuwahi kuliona.

"Weka ile nyingine," Fundi akasema.

Wakajaza ya pili, na nusu ya tatu. Mkunga aliporudi aliwakuta hivyo, vichwa viwili vimeinama pamoja, akasimama pembeni bila kuingilia.

"Unaona," akamwambia Fundi baadaye, akimlisha mtoto. "Zimemwagwa sirinji. Mikono haijamwagwa."

Jua lilipoanza kuzama walimpima tena kisigino. Mtoto akalia kwa hasira, kilio cha mtu mwenye nguvu zake. Mkunga akageuza kipimo ili wote watatu waone namba, akasema, "Huyu haendi popote. Mweke kifuani."

Fundi akamweka. Mtoto akatafuta, akakosa, akatafuta, akashika. Bibi Barafu aliyaona mashavu yakivuta, akatoka nje ya chumba, na huko ukumbini, ambako hakukuwa na wa kumbembeleza, akalia.

* * *

Alirudi nyumbani kesho yake asubuhi kufua na kuchukua nguo. Kwanza akafungua friza. Mifuko ya Alhamisi ilikuwepo, imelazwa vizuri, shingo zao zimenyooshwa. Akaibeba yote kwenye beseni hadi nje, akaikata mmoja baada ya mwingine, akamwaga.

Watoto wa mapumziko wakaja. "Bibi, barafu."

"Leo hamna."

"Na hizo?"

"Hizo zilikuwa mbovu. Njooni kesho, nitakuwa na mpya."

Aliifuta friza ndani kwa kitambaa, akairudisha kwenye umeme, ikaanza kunguruma. Alikuwa amekwenda kuanika nguo aliposikia ule mngurumo ukikatika. Akarudi. Taa yake nyekundu ilikuwa imezima. Alisimama mbele yake na vibanio vya nguo mdomoni, akavitoa, akafuta mkono, akachukua simu.

"Fundi," akasema, "umeme umekatika."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za wodi. "Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Hata dakika mbili hazijafika."

"Kuna nini ndani ya friza?"

"Hakuna kitu. Nimemwaga barafu zote." Akasita. "Ila umekatika, nikasema nikwambie."

Bibi Barafu aliibana simu sikioni akasikia, mbali kidogo, sauti ndogo ya kumeza, na pumzi, na kumeza tena. Alingoja. Angengoja hata hadi jioni.

"Asante kwa kuniambia," Fundi akasema mwishowe. "Ukija, Mama, uje na lile taulo. La hapa haliwezi kukaa na joto. Na uje kabla ya saa sita, maana ndiyo saa yetu ya kukamua."